Hotuba ya Bingwa wa Diski, Aliyoitoa Chumbi Bila Kuombwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, kaa tu, usinisimamie. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, habari za kilimo cha mlau? Na ninyi vijana wa bodaboda, zimeni pikipiki, elimu inapita.

Mbele yenu amesimama Bingwa, Mhandisi wa Kujitegemea, Mlezi wa Diski Zote kuanzia Daraja la Mkapa hadi Nyamwage. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo vina foleni, nami sina muda.

Kuna uzushi umeenea hapa Chumbi kwamba kompyuta ikishapigwa Windows, diski yake haigawiki tena mpaka kila kitu kifutwe. Nauliza: wilaya yetu ilipogawanywa, nani alifutwa? Sensa ya 2012 ilihesabu wilaya moja ya Rufiji. Ya 2022 ikakuta mbili, Rufiji na Kibiti. Kata za Salale, Mbuchi na Msala, pamoja na mikoko yao, zikajikuta Kibiti, na hakuna kamba hata mmoja aliyefomatiwa. Sisi tukabaki na Utete yetu. Basi na diski ni hivyo hivyo, tangu Windows Vista ya mwaka 2007 ilipokuja na uwezo wa kuipunguza sehemu ya C bila kuivunja.

Utaratibu huu niliutafakari kwa kina kabla ya kuukuta umeshaandikwa ndani ya Windows yenyewe. Unafungua sehemu ya kuandika amri, unaandika diskmgmt.msc. Diski inatandazwa mbele yako kama ramani ya ofisi ya ardhi. Unabofya C kwa kitufe cha kulia, unachagua kupunguza, unataja kiasi. Panabaki eneo lisilo na mwenyewe. Unalipa herufi D, unalifomati hilo tu (hilo tu, nasisitiza, kuna watu hapa nawafahamu), kazi imekwisha.

Hapo ndipo mafundi wa kawaida huishia. Bingwa ndipo anapoanza.

Diski yako ina GB 465. Usinitazame hivyo, ilinunuliwa kama 500: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na mimi sikuchomoa kitu. Umetumia GB 60 tu. Unaomba ukatiwe 300, Windows inakujibu: nakupa nusu ya diski, basi. Kwa nini? Kwa sababu kuna mafaili hayahami. Wazee mnaikumbuka Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, watu walipotolewa bondeni na kupandishwa vijiji vya juu. Wangapi walirudi mabondeni kwao, wakapanda juu ya madungu kulinda mpunga? Ndani ya diski wapo wenye tabia hiyo. Kuna faili la kumbukumbu ya akiba, kuna faili la usingizi mzito wa kompyuta, kuna nakala za kurejesha mfumo, na orodha kuu ya mafaili yenyewe. Mmoja akikaa katikati, mstari wa mpaka haumpiti. Dawa ni kuzima usingizi huo kwa amri ya powercfg /h off, kuisimamisha kumbukumbu ya akiba kwa muda, kufuta nakala za kurejesha, kuwasha upya, ndipo ukate. Ukimaliza, warudishe kwao. Serikali ilisahau hatua hii ya mwisho, ila leo sikuja kwa siasa.

Sasa umejuta, unataka kuiongezea C ardhi nyingine. C inapanuka kuelekea kulia tu, tena kwenye eneo tupu linalopakana nayo. Chumbi haiwezi kujitanua ichukue pori la Kibiti wakati Ikwiriri imekaa katikati, na kwenye kompyuta nyingi Ikwiriri hiyo ni kile kisehemu cha uokoaji kilichojibanza nyuma ya C. Kukisogeza kunahitaji programu nyingine, kama GParted. Hapo umeme ukikatika katikati ya safari, tutasomeana dua.

Idadi ya sehemu za diski? Mfumo wa zamani, MBR, uliokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, unaruhusu sehemu kuu nne. Nne, wazee wangu. Hesabu hiyo mnaijua. Mfumo mpya, GPT, kwenye Windows unaruhusu 128. Hapo sisemi neno, imamu yupo.

La mwisho nalisema polepole, maana mmenikera. Mtu anahamishia picha za harusi kwenye D, kisha anatembea kifua mbele eti ana bekapu. C na D ni diski moja. Ikianguka kwenye bodaboda, wanakufa wote siku moja, saa moja. Kugawa kunakusaidia siku Windows ikiharibika, ukaipiga upya kwenye C huku D ikiendelea na maisha yake. Bekapu ni diski ya pili, iliyokaa nyumba nyingine, tena nyumba isiyofikiwa na mafuriko. Na kwa Rufiji hii, itafuteni kwa makini.

Naruhusu swali moja. Mwalimu anauliza kazi nzima inachukua muda gani. Dakika tano, mwalimu. Na kwa nini Bingwa anatoza shilingi 10,000? Mwenyekiti, naomba swali hilo lisiingie kwenye muhtasari.