Maji Yametoka!

Bwawa la kuogelea likishajazwa, mwenye nyumba huanza kuona kasoro ambayo hakuiona kwenye ramani: maji yamelala tu. Hayafanyi chochote. Ametumia fedha za kununulia kiwanja kingine, na alichopata ni kitu cha bluu kilichotulia uani, kinachotazamwa na mbwa. Hapo ndipo fundi, ambaye amekuwa akiisubiri siku hii tangu achimbe shimo, hutoa simu mfukoni na kuanza kuonyesha picha.

Kaka yangu alionyeshwa picha hizo nyumbani kwake Goba, nami nikaitwa niwe shahidi. Kulikuwa na maporomoko ya mawe bandia, kana kwamba mto umepotea njia ukapita Goba. Kulikuwa na pazia la maji linalomwagika kutoka ukutani kupitia mwanya mwembamba wa chuma. Kulikuwa na vinyunyizo vya kurusha maji kutoka sakafuni, yakapinda hewani na kutua katikati ya bwawa. Na kulikuwa na simba.

Simba ndio waliompata kaka. Watatu, wa zege, wa kubandikwa ukutani wakiwa wameachama. Fundi alikuwa amesikia habari za kasri la Alhambra kule Granada, Hispania, ambako simba 12 wa marumaru wa karne ya 14 wamebeba beseni mgongoni huku maji yakiwatoka vinywani, na habari hizo alizitumia vizuri. Nikamkumbusha kaka kwamba anayetaka ufalme si lazima aende Hispania. Kilwa Kisiwani, katika karne hiyo hiyo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijijengea Husuni Kubwa, na humo akaweka bwawa la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Sauti ya maji aliipata bure. Kaka akanijibu kwamba yeye hana bahari, ana ukuta wa jirani.

Basi tukaingia kwenye hesabu ambazo picha hazionyeshi. Pazia la maji, ili lishuke limenyooka bila kukatika vipande, linataka yapata lita 120 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Ukipunguza hapo, wageni watadhani bomba limepasuka. Kuongeza maji ni kuongeza pampu, na hata pampu ndogo ya wati 750 ikiunguruma saa 8 inakula uniti 6 za umeme kwa siku. Hiyo ni ya kuchuja tu, kabla simba hajafungua mdomo. Shemeji, ambaye ndiye hununua luku ya nyumba ile, aliipiga hesabu kwenye simu yake, akamgeuzia kaka kioo bila kusema neno. Pazia likafutwa. Simba wakabaki, kwa sababu fundi aliapa kwamba simba hawana matumizi makubwa.

Maporomoko nayo yaliangushwa na boza. Maji yanayorukaruka hewani hupungua, mengine kwa mvuke, mengine kwa upepo, na lazima yafidiwe. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, linameza lita 48,000, yaani maboza matano kasoro kidogo, yale ya lita elfu kumi. Mtu aliyewahi kulipia boza hawezi kutazama maji yakirukia majani akaendelea kutabasamu.

Vinyunyizo vilipita, viwili. Kanuni yake si ngumu: maji yasirushwe juu kuliko umbali uliopo hadi ukingoni, la sivyo upepo ndio utakaoamua yatue wapi. Fundi alivifunga mwishoni mwa Machi, hewa imetulia, akaondoka na sifa zake. Juni ikafika na upepo wa kusi. Jirani akawa anaanua nguo zikiwa mbichi kuliko alivyozianika, tena zinanukia klorini, na kwa kuwa mbingu zilikuwa safi, alianza kwa kumshuku dada wa kazi. Siku alipogonga geti alikuwa ameshika shuka mkononi, kidhibiti. Kaka alimpokea kwa soda baridi na maneno mengi. Vinyunyizo tangu hapo vimezibwa, na dada wa kazi, nasikia, bado anasubiri kuombwa radhi.

Simba walipatwa na yao. Maji ya kisima cha kaka yana chokaa nyingi. Maji yakitemwa hewani hupoteza gesi ya kabonidayoksaidi, uchachu wake hushuka, na chokaa huanza kuganda popote inapopata pa kushika. Kwa simba, pa kushika ni kidevuni. Baada ya miezi michache wote watatu walikuwa wameota ndevu nyeupe. Mchongaji alikuwa amewapa sura ya paka aliyenyimwa dagaa, hivyo mimi naona ndevu zimewasaidia.

Lakini hayo yote ni mambo ya macho. Fundi hazungumzii masikio. Picha zake huja na maelezo kwamba sauti ya maji hutuliza akili. Hutuliza akili ya nani? Kwa aliyekulia kwenye mgao wa maji Dar es Salaam, maji yakisikika usiku maana yake ni moja tu: yametoka. Unaruka kitandani, unapanga ndoo, unaamsha watoto, maana alfajiri yatakatika.

Mama, aliyetulea Tandika, alikuja kukaa kwa kaka, na usiku wa kwanza simba waliachwa wakitema ili apate usingizi mzuri. Saa nane za usiku nyumba nzima iliamshwa na kelele za masufuria. Mama alikuwa uani na kanga yake, amekinga ndoo chini ya simba wa katikati, nyingine mbili ziko foleni.

"Amkeni nyie! Mtalala mpaka yakatike?"

Kaka akamweleza kwamba maji yale ni yale yale. Yanatoka bwawani, yanapita kwenye pampu, yanarudi bwawani. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu unalipia umeme, maji yatoke pale yaende pale pale."

"Ndiyo, mama."

Mama akamalizia kujaza ndoo yake.

Wiki hiyo hiyo kando ya bwawa kulikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wetu, simba wakitema kwa heshima ya wageni. Yale maji na kibofu cha mtu aliyekwisha kunywa soda mbili ni watu wanaoelewana. Akidi ilipatikana mara moja tu, mwanzoni. Kila mwenyekiti alipofikia kipengele cha ahadi za michango, mjumbe mwingine aliinuka kuelekea ndani, akikaa huko kuliko haja yenyewe. Mweka hazina anashikilia hadi leo kwamba si kibofu.

Juzi fundi amepiga simu tena. Ana taa za chini ya maji, zinazobadilika rangi. Kaka ametutumia picha kwenye kundi la familia. Shemeji ameuliza ni wati ngapi. Mama ameuliza kama zinatoa sauti. Fundi amejibu kwamba zenyewe hazitoi, ila kwa nyongeza kidogo anaweza kuziunganisha na spika.