Njia ya Bustani, au Namna ya Kumkomoa Ndago

Fundi akikwambia njia ya bustani ni kupanga matofali juu ya udongo basi, mpe chai, mshukuru, kisha msindikize mpaka getini. Njia ni kile kilichofukiwa. Hayo ya juu ni mapambo, na ndago hababaishwi na mapambo: masika yakianza tu, keshachomoza katikati ya tofali na tofali, kijani kuliko ukoka wako.

Mjue kwanza mbaya wako. Chimba ndago mmoja taratibu kwa kisu. Chini ya majani yale yaliyopangana kwa safu tatu utakuta kiazi kidogo cheusi, ukubwa wa njegere au njugu. Kutoka hapo uzi mwembamba unapita chini kwa chini mpaka kiazi cha pili, halafu cha tatu, kama shanga zilizotungwa. Sasa utaelewa jembe linakufanyia nini: linakata uzi, na kila kiazi kilichoachwa peke yake kinaamka. Ulikuwa na ndago mmoja, jioni una mbegu ya watano. Hapo ndipo jasho la watu wengi linapopotelea, na inaniuma kila ninapoona mtu anakwatua njia yake kwa bidii namna hiyo.

Kwa hiyo jenga wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu. Piga mambo, vuta kamba, upana sentimita 90 ili toroli lipite bila kugonga mipapai. Chimba kina cha sentimita 18, na udongo unaoutoa uuchekeche, uokote viazi vyote. Kazi hii inachosha na inachukua siku nzima, lakini usiiruke. Mwaga kokoto au kifusi safi sentimita 10, nyunyizia maji, shindilia mpaka kisigino kisizame. Juu yake mchanga sentimita 4, kisha matofali ya saruji ya sentimita 6. Hesabu inakuja 20, maana yake njia itasimama sentimita 2 juu ya bustani, na ndivyo inavyotakiwa. Ilalie upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita ya upana, maji yasituame. Kingo zifunge kwa mawe yaliyoshikwa na saruji, la sivyo mchanga utatorokea pembeni na matofali yaanze kucheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wapo wanaotandika nailoni nyeusi chini wakidhani wamemaliza kazi. Ncha ya ndago ni kali kama sindano, inaitoboa. Na magugu mengine hayatoki chini hata kidogo, yanatoka juu. Upepo unaleta mbegu, ndege wanaleta, na kishona nguo unamleta mwenyewe kwenye pindo la suruali. Vumbi na majani makavu yakijaa kwenye nafasi za matofali, tayari ni shamba. Ndiyo maana silaha ya kwanza ya njia ni ufagio wa chelewa, kila asubuhi, kama mama zetu wanavyofagia uwanja. Ukiona nafasi zimebonyea, mwaga mchanga mkavu juu, ufagie uingie.

Chumvi na oili chafu viache kabisa. Chumvi inafuata maji ya mvua mpaka kwenye mizizi ya mwembe, na oili inaharibu udongo ambao watoto wako watakuja kuulima. Maji ya moto yanatosha kwa miche michanga, ingawa kiazi cha ndago hayakiui. Gugu karoti ling'oe kabla halijatoa maua meupe, tena kwa glavu, maana linawasha ngozi.

Ndago akikuponyoka akatokea, usimkimbilie na jembe. Subiri mvua au mwagilia maji, udongo ukilainika ingiza kisu chini kabisa, ufuate uzi wake kiazi kwa kiazi. Ulichokitoa kianike juu ya bati mpaka kikunjamane. Usikitupe kwenye shimo la mboji, kitarudi bustanini pamoja na mbolea.