Uma wa Kike, Kisu cha Kiume

Trento, Italia

Shangazi mpendwa,

Natumai ndovu wa Tsavo hawajaipitia migomba yako hapo Mata. Huku baridi ndiyo inayoniandama. Nakuandikia kukueleza ugomvi uliozuka katika jengo tunaloishi. Chanzo chake si deni, si fitina, wala si mume wa mtu. Ni irabu moja.

Elewa kwanza kwamba Waitaliano wameigawa dunia nzima mafungu mawili, kike na kiume, bila kubakiza hata sufuria. Uma ni wa kike, kisu na kijiko ni vya kiume. Meza ikiandaliwa chakula ni ya kike, lakini wakubwa wakiizunguka kujadili mkataba inageuka ya kiume. Nilimuuliza mzee ninayemtunza ni kwa nini. Akajibu kwamba ndivyo ilivyo, kwa sauti ya mtu aliyekuta mambo yameshaamuliwa.

Kazi yangu nayo ina vituko vyake. Mtunzaji wa wazee huitwa "badante", neno linalomfaa mwanamume na mwanamke sawasawa. Ila kwa kuwa wengi wa wafanyao kazi hii ni wanawake, watu wamezoea kusema "la badante", yaani wa kike, na mimi na ndevu zangu hizi nimeingizwa humo humo. Duka la dawa hupiga simu kuuliza yule mama atapita saa ngapi. Nafika, naitikia, nachukua dawa za presha, naondoka.

Na heshima zao, Shangazi, ndizo kiboko. Mtu usiyemzoea hutakiwi kumwita "wewe". Humwita "Lei", neno lile lile la kumtaja mwanamke aliye mbali. Jaji, kanali, hata padri, wote wanaheshimiwa kwa kuitwa "yeye wa kike". Benito Mussolini hakulipenda jambo hilo. Mwaka 1938 serikali yake ilipiga vita "Lei", ikisema ni la kigeni na la kinyenyekevu mno kwa taifa la mashujaa, na watumishi wa umma wakaamriwa waseme "Voi". Voi, Shangazi! Dola zima likaagizwa kuheshimiana kwa kutaja stesheni yetu ya reli. Jarida moja la wanawake lililoitwa Lei lilibadilisha jina likawa Annabella. Utawala ule ulipoanguka 1943, "Lei" ikarudi kitini. Ila mzee wangu ni mzaliwa wa Napoli, na huko kusini "Voi" ni adabu ya tangu zamani, kwa hiyo hadi leo humwamkia hivyo padri. Kila nikimsikia nahisi matatu ya Taveta inaita abiria.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mzee ni karani mstaafu wa reli, na raha yake iliyobaki duniani ni kubandika matangazo kando ya lifti. Mikono inamtetemeka, basi yeye husema na mimi huchapa. Juzi alinichapisha wito wa mkutano kuhusu gharama za kupasha jengo joto, nao ulianza kwa "Egregi Signori", maana yake waheshimiwa mabwana. Asubuhi tukakuta mtu ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: na sisi je? Mwandiko ulikuwa wa wakili wa ghorofa ya tatu, naye ni mwanamke.

Sheria ya sarufi yao ni hii. Wanawake wakiwa peke yao, hata wawe mia, hutajwa kwa wingi wa kike. Akiingia mwanamume mmoja tu, wote wanahesabiwa wanaume. Katika mikutano yetu wengi ni kina mama. Mzee akishindwa kushuka ngazi hunituma nikamsikilizie, na mimi, kibarua wa mshahara wa mwezi, nikisukuma mlango tu nageuza chumba kizima kuwa wanaume. Waganga wote wa kutoka Taveta hadi Upareni hawajafikia nguvu hizo.

Raundi ya pili ikawa ya cheo. Katika orodha ya wakazi mzee alimwandika wakili "avvocato", kwa o ya kiume. Mwenyewe akataka "avvocata", kwa a. Mzee akasema neno hilo halipo, na kama lipo linakwaruza koo. Wakili akamuuliza kwa upole kama bado anasali rozari. Anasali, kila jioni, na mimi humshikia kitabu. Basi, akamuuliza, katika Salamu Malkia, kwa Kiitaliano, Bikira Maria anaitwa nani? Avvocata. Mzee amekuwa akilitamka neno hilo tangu utotoni na koo lake halijawahi kulalamika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ndiyo, lakini Bikira Maria hatozi ada."

Nilidhani ni vita ya jengo letu tu, kumbe taifa zima limo. Mwaka 1987 mwanamke mmoja, Alma Sabatini, aliandika kupitia tume ya serikali ya usawa mapendekezo ya kuandika Kiitaliano bila kuwadharau wanawake. Tangu hapo wanaomfuata wamekuwa wakiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: mbona muuguzi, mfanyakazi wa kiwanda na mhudumu wa mkahawa wana majina ya kike na hakuna sikio lililowahi kuumia, lakini mwanamke akiwa mpasuaji, meya au waziri, ghafla jina la kike linasikika vibaya? "Maestra" ni mwalimu wa watoto wadogo. "Maestro" ni bwana wa muziki anayepigiwa makofi. "Segretaria" anapokea simu, "segretario" anaongoza chama. O inapanda ngazi, a inafagia ngazi.

Kuna baraza la wazee wa lugha huko Firenze, Accademia della Crusca, lililoanzishwa 1583. Ungetarajia wazee wa umri huo wawe upande wa mzee wangu. La. Mwaka 2012, pamoja na manispaa ya Firenze, walitoa mwongozo uliotungwa na mtaalamu Cecilia Robustelli, unaosema meya mwanamke ni "sindaca" na waziri ni "ministra", kwa kuwa sarufi yenyewe inaruhusu. Lakini mwaka 2016 Giorgio Napolitano, aliyekuwa rais wa nchi, alisema hadharani kwamba majina hayo mawili yanamchukiza. Na wanawake wenyewe si wamoja. Beatrice Venezi, anayeongoza okestra, alisema 2021 jukwaani Sanremo kwamba anataka kuitwa "direttore", kwa kiume. Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Italia, alipoingia ofisini Oktoba 2022 alichagua "il Presidente", na kile kijineno "il" ni cha kiume. Mwaka 2024 seneta mmoja akaandaa mswada wa kutoza faini ya euro 1,000 hadi 5,000 kwa atakayeandika "sindaca" kwenye hati za serikali. Chama chake mwenyewe kikamruka, mswada ukarudi mfukoni.

Mwaka huo huo chuo kikuu cha mji huu wetu kikapindua meza. Kiliandika kanuni zake kuu kwa kike: kila mkuu wa chuo, kila profesa, kila mjumbe, hata awe na ndevu kunizidi, ndani ya karatasi hizo anatajwa kama mwanamke. Mkuu wa chuo wakati huo, Flavio Deflorian, alisema alipozisoma alijihisi ameachwa nje, na hilo likamfikirisha. Nilimsomea mzee habari hiyo akacheka hadi akakohoa. Nikamwambia mbona mimi ni "la badante" miaka yote na hakuna aliyekohoa. Akaomba maji.

Vijana nao wana dawa yao. Mwanafunzi anayepanga chumba cha juu kabisa alipendekeza tumalize kila neno kwa herufi ə, ambayo ni e iliyosimama kichwa chini miguu juu, isiwe ya kike wala ya kiume. Mzee alifuta miwani, akaikagua karatasi, akalaumu printa. Wazee wa Crusca wameikataa herufi hiyo, na Machi 2025 wizara ya elimu ilizikataza shule kuitumia kwenye barua rasmi. Lakini wakili alikuwa na neno. Sauti ya ə, akasema, haipo katika Kiitaliano sanifu ila imejaa tele katika lahaja ya Napoli, ambako irabu za mwisho humezwa. Kwa hiyo mzee akizungumza kwao, anazungumza lugha ya vijana wa chuo tangu azaliwe. Sijawahi kumwona Mnapoli akikosa la kusema. Siku hiyo nilimwona.

Mwishowe tangazo nililiandika mimi. Njia za kukwepa mtego zinajulikana. Unaweza kutaja wote wawili, "care condomine e cari condomini", lakini karatasi inajaa kabla ya kufika kwenye joto. Unaweza kutumia jina la kundi, kama tunavyosema uongozi au umma. Au unatumia "chi", yaani yule ambaye. Hapo napo kuna shimo: ukiandika kwamba anayeishi hapa amealikwa, "è invitato", ile o inachungulia mwishoni. Nikaandika "Si invita chi abita in questo palazzo", kunatolewa mwaliko kwa anayeishi jengo hili. Mzee alilipekua akitafuta mwanamke, wakili akalipekua akitafuta mwanamume, wote wakatoka mikono mitupu. Wala haikunitoa jasho. Kwetu ndivyo tunavyosema kila siku.

Hapo wakili akaniambia heri ninyi msio na mambo haya. Kichwa kikavimba, Shangazi. Nikamwambia jimbo letu la Taveta liliwakilishwa bungeni na Dkt. Naomi Shaban kuanzia uchaguzi wa 2002 hadi 2022, na hakuna aliyelazimika kulikarabati neno mbunge. Nikamtajia Majala Mlaghui na Christine Kilalo, manaibu gavana wawili waliofuatana wa kaunti yetu. Akauliza, basi bunge lenu wanawake ni nusu? Nikakohoa kama mzee. Ilibidi nimweleze kwamba katiba ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili, kwamba bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kulitimiza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje, nalo halikuvunjwa. Kwamba mwaka 2022 tulipata magavana wanawake 7 kati ya 47. Akaniuliza tena, na hao wawili wa kwenu, mbona wote manaibu?

Tangu siku hiyo nakitazama Kiswahili chetu kwa jicho la kalamu nyekundu. Timu ya wasichana ikifungwa, kocha anawaambia wajikaze kiume. Wewe mwenyewe ni mzee wa kijiji, na ukitoa uamuzi usiowapendeza unakuwa "yule mama". Na kumbukumbu za baraza la chifu zinasema nini kila mara? Wanakijiji walikubaliana. Neno safi, halina kike wala kiume. Lakini mimi nilikuwepo utotoni. Waliokubaliana kuhusu zamu za mfereji walikuwa wanaume kwenye viti, na wenye kuchota maji ya mfereji huo walikuwa nyuma wakichemsha chai. Dharau ya Waitaliano ina irabu, unaiona, unaizungushia duara jekundu. Yetu haiachi wino. Mtu anaweza kuachwa nje ya sentensi ya Kiswahili na sentensi ibaki nzuri.

Kwa hiyo nina ombi. Baraza lijalo mwambie karani aache "wanakijiji walikubaliana". Aandike nani alisema, nani alipinga, nani hakuulizwa. Majina yenu yakionekana machache, angalau yataonekana machache kwenye karatasi. Na chai ya siku hiyo waichemshe wanaume. Hela ya majani na sukari nitatuma kwa M-Pesa; kuni wakatafute wenyewe.

Wasalimie wote.

Ni mimi mwana wa kaka yako,
"La badante" wa Trento