Mtiki wa Bei Nafuu Ndani ya Boti Isiyo na Pembe Mraba

Boti ndogo ya faiba, yaani iliyoundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kiwandani, ina kasoro moja ambayo haiizuii kuelea ila humkosesha mwenyewe usingizi, nayo ni kwamba chumba chake cha ndani hufanana na tumbo la friji. Dawa inayosifiwa na wapenzi wa boti za matanga ni mtiki, ambao vitabuni huitwa pia msaji na ambao nchini Tanzania hupandwa katika mashamba ya miti ya Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro. Mbao zake zina mafuta ya asili yanayozikinga na maji na mchwa, na kwa kuwa vifaa vya ndani ya boti ni vidogo, kama vile kishikio cha mkono, rafu ya vitabu au kibao cha vikombe, vipande vinavyobaki kwenye karakana ya seremala vinatosha kuvitengenezea. Hapo ndipo unafuu unapoanzia, na kwa kawaida hapohapo ndipo unapokomea.

Tatizo la kwanza ni la jometri. Seremala wa nchi kavu amelelewa na pembe mraba, ilhali ubavu wa boti umepinda kuelekea omo, ukapinda tena kuelekea tezi, na pimamaji, kifaa chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha usawa, hukosa maana ndani ya chombo kinachoelea, kwa sababu rafu iliyo sawa mwenye boti anapokuwa ameketi kushoto huenda mrama pindi anapohamia kulia ili aitazame vizuri. Njia sahihi ni kukata kwanza kiolezo cha boksi, kukisogeza ubavuni, kisha kuburuta bikari ili mguu mmoja ufuate mpindo wa ubavu na mwingine, wenye penseli, uuchore mpindo huohuo juu ya boksi. Wenye haraka huona maboksi ni michezo ya watoto, hivyo hukata ubao moja kwa moja, wakaupunguza kidogo huku na kidogo kule, na siku unapoenea barabara, ule uliokusudiwa kuwa rafu ya vitabu huwa umekwisha kuwa kishikilia mswaki.

Tatizo la pili ni la kikemia, kwani mafuta yaleyale yanayofukuza maji hufukuza pia gundi. Uso wa mtiki hufutwa kwa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, na gundi hupakwa mara tu asetoni inapokauka, kwa maana mafuta hayachelewi kupanda tena juu. Ukingo, yaani kipande chembamba kinachowekwa mbele ya rafu ili vitu visiporomoke chombo kinapolala upande, ukigandishwa bila kufutwa hukaa kwa adabu muda wote boti ikiwa imetia nanga, na katika wimbi la kwanza la kusi huteremka pamoja na vikombe ulivyokabidhiwa kuvilinda. Juu ya hayo, mbao hizi zina silika, madini yaliyomo pia katika mchanga, ambayo hula makali ya msumeno na randa, kiasi kwamba pesa iliyookolewa kwenye mbao huishia kwa mnoa visu.

Sura ya skrubu nayo inahitaji utulivu. Ncha ya drili huzungushiwa utepe kuonyesha kina cha tundu, tahadhari inayodharauliwa na wale wanaosahau kwamba ukuta wa boti, tofauti na wa nyumba, una bahari upande wa pili. Kichwa cha skrubu huzamishwa na kufunikwa kwa kizibo cha mtiki, ambacho hushikizwa kwa vanishi badala ya gundi kali ili kiweze kung'olewa baadaye. Skrubu inayoponyoka mkononi haitafutwi sakafuni, kwa sababu imekwisha kufika ngama, sehemu ya chini kabisa yanakokusanyika maji machafu, na kuthibitisha kwamba methali ya tezi na omo, marejeo ni ngamani, hutiiwa na skrubu kuliko mabaharia.

Hata kazi inapofanikiwa, mafanikio yenyewe ni gharama, maana kishikio kimoja kinachong'aa hufichua uchakavu wa jirani zake: mlango wa plaiwudi ulioridhisha miaka yote hugeuka aibu, nao ukibadilishwa, meza huanza kudai haki yake. Vitambaa vilivyotumika kupakia mafuta ya kitani navyo visirundikwe kwenye pipa, kwani mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo huweza kuwaka lenyewe, hivyo hutandazwa nje mpaka yakauke. Kwa sababu zote hizo, anayejifunza ufundi huu anashauriwa kuanza na kabati la majaketi okozi, ambalo wageni hulikimbilia siku chombo kinapozama, na siku hiyo hakuna anayesimama kukagua maungio ya mbao.