Mali ya Umma Itambaayo

Miongoni mwa majukumu ambayo askari polisi wa pembezoni mwa Dar es Salaam hakuyaota siku alipopangiwa kituo ni lile la kumkamata mtuhumiwa asiye na mikono ya kutiwa pingu. Tatizo hili halitokani na uzembe wa mtu bali na jiografia, kwa kuwa upande wa Kinondoni makazi yamesogea hadi kulizingira Pori la Akiba Pande, yaani eneo lililotengwa kisheria kwa ajili ya wanyamapori, lenye kilomita za mraba zipatazo 15, ambalo mwaka 1990 lilipandishwa hadhi kutoka msitu wa hifadhi. Na upande wa Temeke, viwanja vya Chamazi na Toangoma vimepimwa, au vimeuzwa kabla ya kupimwa, hadi mabondeni. Kwa hiyo anayelalamika kwamba chatu, nyoka mkubwa asiye na sumu ambaye huua kwa kubana, amevamia makazi ya watu anaeleza nusu tu ya kesi, maana chatu naye angeruhusiwa kutoa maelezo angedai kuwa yeye ndiye aliyevamiwa, na pengine angeshinda kesi hiyo.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyama wote ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mkazi wa Mabwepande ambaye hajawahi kuisoma huitii kwa ukamilifu, kwani akimkuta chatu bandani, kuku wawili wakiwa wamekwisha kumezwa, wazo lake la kwanza ni kuirudisha mali hiyo kwa mwenyewe kupitia ofisi ya serikali iliyo karibu. Ofisi inayohusika ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016, au afisa wanyamapori wa halmashauri, ambaye wazee bado humwita bwana nyama. Lakini usiku wa manane namba inayokumbukwa ni 112 ya polisi, na anayekosa salio huja mwenyewe kituoni na bodaboda, salfeti yenye chatu ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

Hapo kaunta ndipo elimu ya sheria hugeuka kuwa mtihani. Mlalamikaji hudai RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa iliyopokelewa, huku salfeti ikijinyoosha taratibu chini ya benchi la wageni. Na kwa kuwa sheria hiyohiyo huhesabu hata mnyama aliye hai kuwa nyara, mlalamikaji huyo kwa maana kali ya maneno amesafirisha nyara za Serikali bila kibali. Askari wa zamu mwenye busara haligusi suala hilo. Huuliza tu kama fundo limekazwa.

Komba husumbua zaidi, ingawa hajeruhi mtu. Huyu ni mnyama mdogo wa usiku, mwenye macho makubwa, anayesifika pwani kwa kupenda tembo la mnazi, na mlio wake hufanana mno na kilio cha kichanga. Taarifa hufika kwamba mtoto ametupwa kichakani, kosa la jinai lisilosubiri asubuhi. Doria hutoka, mjumbe wa nyumba kumi huamshwa awe shahidi, na baada ya kupekua majani kwa muda mrefu, mwanga wa tochi huangukia macho mawili mekundu juu ya mkorosho, yakiwatazama bila dalili yoyote ya kujutia. “Mama, mtoto wako huyo hapo,” husema afande, kisha hurudi kituoni kutafuta maneno ya kueleza mafuta ya gari yameishia wapi.

Umati unaokusanyika kutazama nao ni sura ya peke yake, kwa sababu kila anayeambiwa arudi nyuma hurudi hatua moja ili apate picha nzuri zaidi.

Vituo vina mahabusu ya wanaume na ya wanawake, ya chatu haijajengwa. Mkazi atakayemkuta anaombwa awaondoe watoto, amwache nyoka alipo, ampigie bwana nyama, na kwa vyovyote vile asimpakie kwenye bodaboda.