Namna ya Kufungua Sikio Ukiwa Carama

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Carama, mtaa wa Bujumbura, anayejua kwa hakika muziki upi ni mzuri na upi ni kelele. Andaa simu, hedifoni na jirani. Hedifoni unaweza kuazima, lakini bila jirani usianze.

Kwanza, Jumamosi jioni vua hizo hedifoni na uache dirisha wazi. Kabare inapiga rumba ya Kongo, kwaya iko mazoezini, kinyozi kafungulia Bongo Fleva. Chagua ile inayokukera kuliko zote, kisha usikilize wimbo mmoja hadi mwisho. Hadi mwisho, tafadhali! Wengi wanaoiponda rumba huondoka waimbaji wakiwa bado wanabembeleza, kabla sebene haijaingia na magitaa hayajaanza kukimbizana. Wamekula ugali mkavu, mboga ikabaki jikoni, halafu wanamlaumu mpishi.

Pili, acha kuuliza muziki pasipoti. Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi, alitoa albamu ya Sambolera mwaka 1996 akiimba Kiswahili, na Ulaya wakamsikiliza bila kuelewa neno. Kidum naye ni Mrundi aliyejijengea jina Nairobi. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alichukua rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi akaijengea wimbo wake, "The Jungle Line". Kama yeye alizifuata ngoma zetu kutoka mbali hivyo, wewe unashindwaje kuvuka barabara hadi kwenye kwaya?

Tatu, na hapa usiwe na haraka: inanga. Sasa vaa hedifoni, funga mlango, omba watoto wakupe nafasi. Inanga ni ubao uliochongwa ukawa na shimo refu la kina kifupi, na juu yake uzi umepitishwa huku na huku mara kadhaa. Katika inanga ya kunong'ona, mpigaji hupiga nyuzi huku akisema maneno kwa mnong'ono. Mnong'ono hauwezi kupanda wala kushuka kama sauti ya kuimba. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka. Kirundi ni lugha ya toni, kwa hiyo sikio lako linachukua toni kwenye nyuzi, linachukua maneno mdomoni, linaviunganisha. Ghafla unasikia mtu anaimba, na hakuna anayeimba! Nusu ya muziki huo inatengenezwa kichwani mwako, bure. Ukiupiga kwa spika ya simu kando ya barabara utasikia mtu anakwaruza mbao, na utaapa kwamba wazee walikuwa hawana ladha. Kosa ni la spika.

Ukishafika hapo, nenda kwa mama mzee wa jirani aliyekulia milimani kabla ya kuja mjini. Muulize kuhusu akazehe, salamu ya kuimbwa ambayo wanawake huipokezana wakiwa wameshikana, sauti ya mmoja ikiingia ndani ya sauti ya mwenzake. Haiimbwi na mtu mmoja, kwa hiyo mtafutie rafiki wa rika lake, na viti viwili. Huenda wakacheka kwanza, huenda wakabishana nani aanze. Waache. Simu ibaki mfukoni mpaka wao wenyewe wakuruhusu kurekodi.