Kiyoyozi na Kanga ya Jirani

Mafundi wa viyoyozi niliokutana nao Dar es Salaam wanajua ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Kiyoyozi kikinguruma, gesi. Kikitoa hewa ya moto, gesi. Chetu kilipoanza kumwagia maji nguo za jirani wa chini, fundi alikitazama akiwa bado getini, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akataja bei ya gesi.

Ilikuwa Machi, mwezi wa fukuto. Chumvi inaganda kikoponi hata ukiichanganya na punje za mchele, biskuti zinalegea kabla chai haijaiva, na mtu akitoka kuoga hajui kama kajifuta au bado. Jirani alipanda ngazi na kanga iliyoloa pindo zima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hivi huko juu mnafulia dirishani?”

Nikamkaribisha ndani, kwenye ubaridi wa nyuzi 20, nikamweleza kwamba maji yale yametoka hewani. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ukiipoza hadi nyuzi 20, inabaki na nafasi ya gramu 17 tu. Ni abiria wa basi kubwa kuhamishiwa kwenye kipanya: wengine watashuka, watake wasitake. Wanashukia kwenye koili za baridi ndani ya kiyoyozi, wanageuka maji, wanatokea kwenye kile kibomba cha ukutani.

“Kwa hiyo hewa ndiyo imenilowesha kanga?”

“Ndiyo, mama.”

Akamgeukia mke wangu. “Huyu hajambo?”

Nikaongeza kwamba hata mashine yenyewe haikuanza kwa ajili ya starehe. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, aliisanifu kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu ulikuwa ukitanua karatasi na kuharibu mpangilio wa rangi. Shida ilikuwa hewa kuwa na maji mengi. Sisi wa kulala chali mbele ya kiyoyozi tulikuja baadaye.

“Na huyo Carrier,” akauliza, “alikuwa na jirani wa chini?”

Hilo sikuwa na jibu lake. Akaaga. Miwani yake ilikuwa imeshapoa vya kutosha, kwa hiyo alipovuka mlango tu mvuke wa nje ukaikuta na vioo vikawa vyeupe pe. Kwenye ngazi akakutana na kivuli cha mtu, akakiamkia kwa adabu zote: “Shikamoo.” Kilikuwa kijana wa jirani wa juu, mwanafunzi wa darasa la nne, akiwa na mpira kwapani. “Marahaba,” akaitikia, wala hakucheka.

Fundi tulimlipa nauli, tukanunua kipande cha mpira na kuunganisha kibomba hadi kwenye ndoo ya yule mama. Kufika jioni ndoo inakaribia kujaa. Akawa anadekia baraza, na mengine anatia kwenye pasi ya mvuke, maana hayana chumvi ya maji ya kisima. Kanga ikasahaulika.

Kisha ikaja Julai. Kusi inavuma, usiku kuna kaubaridi, kiyoyozi kimezimwa. Mlango ukagongwa.

“Mwanangu, mbona mmetukatia maji? Hata taarifa hamtoi?”